Asilimia 25 ni ongezeko, si idadi ya wagonjwa

Je, ile asilimia 25 inayotajwa kuhusu afya ya akili wakati wa janga la UVIKO-19 inamaanisha kwamba robo ya watu wote duniani waliugua akili? Hapana, haimaanishi hivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi Machi 2022 kwamba wasiwasi uliopindukia na sonona viliongezeka kwa takriban asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19, yaani kwa kulinganisha na hali iliyokuwapo kabla yake, na walioathirika zaidi walikuwa wanawake na vijana. Ila takwimu hizo hupima maradhi, si majonzi: jirani yangu, aliyemzika mumewe bila matanga na kwa miezi kadhaa akawa bado anapakua chakula cha watu wawili, huenda hakuhesabiwa popote.