Weka hiyo ndimu chini kwanza

Ndugu, unauliza kama ndimu na majivu vitatoa ukoko mweupe kwenye sarafu za dhahabu ambazo mjomba wako wa Kigamboni amezitoa kwenye meli iliyozama. Usithubutu! Dhahabu safi haishiki kutu hata ikikaa baharini karne nzima, ila ni laini mno. Majivu yatachubua uso na maandishi yafutike, na thamani nusu iko kwenye hayo maandishi. Ukoko ni chokaa tu, mtaalamu ataubandua taratibu. Ziloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, uwe unayabadilisha. Za fedha au shaba ziweke chombo tofauti, zisikauke. Halafu nendeni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kabla mjomba hajamkimbilia sonara. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vya kale.