Barua kwa mwanangu: Na sisi tungekaa wapi?

Mwanangu Zuhura,

Salamu kutoka Kibokoni, hapa Mombasa. Ile sauti uliyonitumia kwa simu nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa na mamako, akakucheka uliposema umelia mbele ya watu usiowajua. Swali lako si la kujibiwa kwa dakika mbili, ndipo nikashika kalamu.

Umeniambia ulikwenda kuona mchezo wa Brian Quijada, Where Did We Sit on the Bus?, yaani Sisi tulikaa wapi ndani ya basi? Wazazi wake ni wa El Salvador, naye kalelewa huko huko ulipo, pembezoni mwa Chicago. Jukwaani yuko peke yake, hana bendi. Anapiga ngoma kwa mdomo, mashine inainasa na kuirudia, juu yake anaongeza nyuzi, kisha sauti, kisha rapu, mpaka mtu anadhani wako kumi. Nikamwambia mamako huyo anapiga msondo, chapuo na vumi kwa pamoja, na bado anaimba. Chakacha ya mtu mmoja!

Ndani ya mchezo yeye ni mtoto wa darasa la tatu, mwalimu anasomesha habari za Rosa Parks, aliyekataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi la Montgomery mwaka 1955. Weupe mbele, weusi nyuma. Mtoto anajitazama ngozi yake, anainua mkono: na sisi tulikaa wapi? Mwalimu hana jibu. Nawe ukaniuliza, "Baba, na sisi tungekaa wapi?"

Nianze na la yule mtoto, maana yako mambo ambayo mwalimu angeweza kumwambia. Mwezi Mei 1954, wiki mbili kabla ya hukumu maarufu ya kukataza kutenga watoto shuleni kwa rangi, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Pete Hernandez, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko kutoka kaunti ya Jackson, Texas. Kwa miaka 25 kaunti ile haikumweka hata mtu mmoja mwenye jina la Kimeksiko kwenye juri, yaani wale raia wanaokalishwa mahakamani kuamua kesi. Jimbo likajitetea kwamba Wameksiko ni weupe, na juri ni la weupe, sasa malalamiko ya nini? Ila katika uwanja wa mahakama ya kaunti palikuwa na vyoo viwili vya wanaume. Kimoja hakikuandikwa kitu. Cha pili kiliandikwa kuwa cha weusi, na hapo hapo kwa Kihispania, Hombres Aquí, wanaume hapa. Choo hicho kimetajwa ndani ya hukumu yenyewe. Kwenye karatasi walikuwa weupe. Haja ikiwabana, mlango wao waujua. Hata sensa ya 1930 iliwaandika Wameksiko kuwa rangi yao peke yao, ya 1940 ikawarudisha kwa weupe. Na wale wa El Salvador, wengi wao walifika baadaye wakikimbia vita vya 1980 hadi 1992, wakakuta milango imeshaandikwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mtoto ni kwamba ilitegemea dereva, mji na siku.

Sisi je? Wewe, na rangi yako hiyo ya nyanyako, dereva asingekuuliza kabila. Nyuma. Mjomba wako Salim, na pua yake ile, huenda angeachiwa akae mbele, halafu amgeukie mamake mzazi kule nyuma. Mimi wangenitazama mara mbili. Familia moja, nauli moja, na basi lingetugawa kama karanga.

Lakini usidhani mambo haya tumeyasikia Marekani tu. Mkoloni hapa alikuwa na safu zake: Mzungu, Muhindi, Mwarabu, Mwafrika. Mswahili hakuwa na safu. Wazee wa Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walihangaika miaka na miaka wahesabiwe Waarabu, kwa kuwa aliyeandikwa mwenyeji, yaani "native" wa Mwingereza, alikuwa na sheria zake na kodi zake. Watu huwacheka leo. Mimi siwacheki, ukiwekewa milango miwili, utatafuta ule usionuka.

Babuyo alikuwa Mwarabu kwenye karatasi za kazini na Mswahili barazani, na sikuwahi kumsikia akilieleza hilo. Alipofariki mimi ndiye niliyekwenda kujaza fomu. Pale penye kabila nikaandika Mswahili. Karani, kijana mdogo, hata si mkorofi, akainua kichwa akaniuliza, "Mswahili wa wapi?"

Nikamwambia wa Kibokoni, nyumba ya tatu kutoka msikitini.

Babako