Usikimbilie kuuza nyumba, tafuta kwanza bima za zamani za mzee

Ndugu uliyeuliza kama mzee wako aliyekuwa na drai klina jimbo la Indiana, Marekani, tangu miaka ya 70 itabidi auze nyumba alipie kusafisha udongo uliochafuliwa na dawa za kazi hiyo, subiri kwanza. Bima nyingi za dhima za biashara (zinazolipia madhara ambayo biashara imewasababishia wengine) Marekani kabla ya 1986 zinaangalia madhara yalitokea mwaka gani, sio umedai lini, kwa hiyo kama perkloroethilini, ile dawa ya kusafishia nguo, ilikuwa inavuja ardhini 1978 basi bima ya 1978 bado ina kazi hata kama aliacha kulipia miaka mingi. Toka 1986 kampuni za bima zilianza kuweka kipengele cha kukataa kulipia uchafuzi karibu wote, ila hapo Indiana mna bahati, mahakama ya juu ya jimbo 1996 kwenye kesi ya Kiger, ya kituo cha mafuta, ilisema kipengele hicho hakieleweki na ikasimama na mwenye bima. Hati za bima zimepotea? Tafuteni ushahidi wake, pekueni hundi za zamani, mafaili ya mhasibu, mkataba wa pango, muulizeni wakala wa bima. Na tafadhali sana toeni taarifa kwa kampuni ya bima KABLA hamjatumia hela, gharama za kabla ya taarifa mara nyingi wanazikataa.