Usimwachie mwanafunzi wako ajiandikie barua

Mwanafunzi wako wa zamani akikuomba uwe mdhamini wake, yaani umwandikie barua ya mapendekezo, katika maombi ya ufadhili wa shahada ya uzamivu, usimjibu, "Andika barua halafu nitumie nisaini." Jibu hilo limezoeleka sana vyuoni kwetu, na chanzo chake nakijua: mitihani ya kusahihisha, tasnifu zilizojaa mezani, vikao visivyokwisha. Lakini yeye hawezi kuandika uliyoyaona wewe. Ataandika kwamba ni mchapakazi, mwaminifu na anajituma, na barua yake itafanana na nyingine zote zilizo mbele ya kamati.

Nilimsimamia binti mmoja shahada ya uzamili. Alitafiti sumukuvu (aflatoxin), sumu inayotengenezwa na kuvu, kwenye mahindi wilayani Kongwa, baada ya mlipuko wa mwaka 2016 ambapo watu wa Dodoma na Manyara waliugua, na wengine kufariki, kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia. Kiganja kimoja cha mahindi chaweza kuwa safi kabisa, na kingine kutoka gunia hilohilo kikapita mbali kiwango cha Afrika Mashariki, ambacho ni sehemu 10 katika bilioni moja. Anayetaka kumaliza haraka huchota juu tu. Yeye alichoma bambo, chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, juu, katikati na chini ya kila gunia, akachanganya, akasaga, ndipo akapima. Mwenye ghala alipolalamika kwamba anacheleweshewa wateja, alimweleza sababu kwa upole, kisha akaendelea na gunia lililofuata. Nilikuwepo.

Alipoomba ufadhili, hayo ndiyo niliyoanza nayo kwenye barua. Sikuwa na haja ya kuongeza kwamba ni makini.

Barua hata hivyo ni sehemu tu ya kazi. Soma tangazo la ufadhili wewe mwenyewe, maana kila mfadhili ana lake. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya Uingereza huuliza sana utafiti utaleta maendeleo gani nyumbani, na hutaka mwombaji aungwe mkono na msimamizi wa chuo anachokwenda. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, huangalia pia miaka iliyopita tangu mwombaji ahitimu shahada yake ya mwisho, kwa hiyo mhitimu anayesema "mwakani" kila mwaka ajue kuna mlango unaofungwa. Na si lazima kuvuka bahari: RSIF, mfuko wa kikanda wa ufadhili wa masomo na ubunifu, unaosimamiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, husomesha uzamivu katika vyuo vya Afrika, na chakula na kilimo ni mojawapo ya maeneo yake. Barua ileile ukiituma kote, itapwaya kote.

Andiko lake la utafiti nalo lisome kwa kalamu mkononi. La binti huyu lilikuwa limebeba nchi nzima: mahindi, karanga, mtama, na mikoa minane. Nilimwambia achague zao moja na wilaya mbili.

"Lakini Mwalimu, si wataona ni kazi ndogo?"

"Miaka mitatu ni michache, mwanangu. Waonyeshe kazi inayokwisha."

Hakupenda siku ile, na nilimwelewa. Alirudi na andiko jipya lenye swali moja ambalo hata mkulima wa Kibaigwa angelielewa. Hapo ndipo nilipomwandikia profesa mmoja wa fani hiyo, mistari michache tu, nikimtambulisha na kumwambatanishia andiko. Profesa hupokea barua nyingi za watu asiowajua. Neno la mwalimu anayemjua mwombaji humfanya afungue kiambatisho.

Kuna jambo linalohitaji adabu. Matokeo yake ya somo la takwimu mwaka wa kwanza yalikuwa ya chini, kwa sababu za nyumbani nilizozijua. Nilimuuliza kama angependa nizitaje. Alikataa, nami nikaandika tu kwamba takwimu za tasnifu yake alizichambua mwenyewe na mtahini wa nje alizikubali. Siri za mwanafunzi hazigeuki kuwa zako kwa sababu unamtakia mema.

Kama ni mtumishi wa umma, mkumbushe ruhusa ya mwajiri mapema. Binti huyu ni afisa kilimo wa halmashauri, na barua ya ruhusa hupita ofisi zaidi ya moja. Nilimwandikia mwajiri wake kueleza utafiti huo utaifaa nini wilaya, ikawa rahisi zaidi kwake kwenda kuomba.

Awamu ya kwanza hakupata. Iliniuma, kwa kuwa najua anachoweza. Tulipoomba tena sikurudia barua ya zamani: niliongeza mafunzo anayowapa wakulima kuhusu kuanika mahindi juu ya turubai badala ya ardhini. Safari hii alipata.

Kama kuna anayekusubiri wiki hii, na huna nafasi au humkumbuki vizuri, mwambie leo ili atafute mwingine. Kama unaweza, muombe tangazo, andiko, wasifu, matokeo na tarehe ya mwisho kwa saa za huko mfadhili aliko. Kisha uangalie na kwenye barua pepe taka, kwa sababu kiungo cha mdhamini kupakia barua yake hutumwa na mfumo, na mara nyingi huangukia huko.