Meza ya Mjalidi: Sungura mahakamani, mti wa ukoo na dhahabu ya wanasheria

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sheria, mwaka wa pili, Nairobi. Rafiki amenitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha kale. Sungura wamesimama kwa miguu miwili, wamemfunga mbwa wa kuwindia, wanampeleka kunyongwa. Maelezo yanasema ni kitabu cha sheria za Kanisa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, sungura wameingiaje humo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Kitabu hicho huitwa Smithfield Decretals, na kimehifadhiwa katika maktaba ya British Library, London. Maandishi yake ni amri za mapapa ambazo Papa Gregori wa Tisa alimwagiza Raymundo wa Penyafort, mtawa wa shirika la Wadominiko, azikusanye. Zilitangazwa mwaka 1234 na kupelekwa kwa walimu na wanafunzi wa vyuo vya Bologna, Italia, na Paris. Kwa hiyo kilikuwa kitabu cha darasani na cha mahakama za maaskofu, kile ambacho mtu kama wewe angebeba kwapani kila asubuhi, kama angekuwa na nguvu za kukibeba.

Nakala yenyewe iliandikwa kusini mwa Ufaransa karibu mwaka 1300. Ilipofika London ilikuwa na nafasi pana tupu chini ya kurasa, na miaka ya 1340 wachoraji wa huko wakazijaza: zaidi ya picha 600, ukurasa baada ya ukurasa. Sungura wako ni sehemu ya kisa kirefu. Kwanza wanampiga mwindaji mshale, wanamfunga, wanamfikisha mbele ya hakimu ambaye naye ni sungura, kisha wanamkata kichwa. Halafu inakuja zamu ya mbwa wake: anakamatwa, anahukumiwa, anapandishwa mkokoteni na kupelekwa kwenye mti wa kunyongea. Sisi tuliokua na hadithi za Sungura na werevu wake hatuoni ajabu akimshinda mkubwa. Cha kutazama hapa ni utaratibu. Hawamrukii mbwa wakamrarua. Wanamkamata, wanamsomea mashtaka, wanamhukumu, ndipo wanamwadhibu. Aliyechora aliujua mwendo wa kesi.

Lakini usitafute juu ya picha hizo kifungu kinachozungumzia sungura, maana hakipo. Chini ya kurasa hizo hizo utakuta mbweha aliyevaa kofia ya askofu akiwahubiria ndege, maisha ya Mtakatifu Maria wa Misri, Samsoni, na miujiza ya Bikira Maria. Hadithi inakwenda kwa miguu yake na sheria kwa miguu yake, na msomaji aliyechoka na Kilatini cha juu alipumzisha macho chini. Wapo wanaosema mbweha yule ni dhihaka kwa Kanisa. Mimi naona ni onyo, na mahali pake ni humo hasa, ndani ya kitabu kinachowafundisha maaskofu mipaka yao.

Ukitaka picha zinazoshikana na sheria yenyewe, nenda kwenye kitabu kilichotangulia, Decretum, mkusanyo wa sheria za Kanisa wa mwalimu Gratian, uliotungwa Bologna karibu mwaka 1140. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, na niruhusu nikae kidogo.

Sehemu ya pili ya kitabu cha Gratian ina kesi 36. Hazikuwa kesi zilizotokea. Alizitunga mwenyewe ili wanafunzi wabishane. Ya kwanza ni hii: mtu ana mtoto wa kiume, anampeleka kwenye monasteri tajiri sana. Abati na ndugu wanadai paundi 10 ndipo wampokee. Baba analipa. Mtoto hajui lolote, umri wake haumruhusu kujua. Anakua, anapata upadre, anachaguliwa kuwa askofu, na safari hii baba anamhonga mmoja wa washauri wa askofu mkuu. Sasa uliza: kijana ana kosa gani? Daraja aliyopewa ni halali? Na wale aliowapa upadre kwa mkono wake, je?

Kuanzia karne ya 13 wachoraji walianza kutia picha mwanzoni mwa kila kesi, hata nakala iliyokamilika ikawa na picha 38 hivi: moja ya sehemu ya kwanza, moja ya sehemu ya tatu, na moja kwa kila kesi. Kwa kesi ya kwanza hutokea mara kwa mara baba amesimama mlangoni kwa abati, mkono mmoja uko begani mwa mtoto, mwingine umeshika mfuko wa fedha. Mtoto ni mdogo. Anatazama juu. Mwanafunzi aliyefungua ukurasa huo alimwona mtoto kabla hajasoma neno moja la sheria inayokataza kuuza vitu vitakatifu. Kurasa zenyewe zilikuwa msitu: sheria katikati kwa safu mbili, na ufafanuzi wa walimu wa baadaye umeizunguka pande zote kwa maandishi madogo zaidi. Namba za kurasa kama zetu hazikuwapo. Picha ndiyo iliyokuonyesha kesi inaanzia wapi, tena ndiyo iliyobaki kichwani siku ya mtihani.

Kesi ya 29 inaniumiza kila nikiisoma. Mwanamke wa ukoo bora anaambiwa kwamba mwana wa bwana fulani anamposa. Anakubali. Anayekuja ni mtu mwingine, mtumwa, aliyejitambulisha kwa jina la yule wa kwanza, naye anamwoa. Baadaye mposaji wa kweli anafika. Mwanamke anasema amedanganywa na anamtaka huyu. Je, ile ilikuwa ndoa? Mchoraji hakuweza kuchora neno “ridhaa”. Alichoweza kuchora ni mwanamke kati ya wanaume wawili mbele ya hakimu. Ukihitimu, mwanangu, utakutana na kesi zinazofanana na hiyo, na jalada litakaloletwa mezani halitakuwa na picha.

*

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Binti yangu anataka kufunga ndoa. Paroko alituketisha akachora mti wa ukoo wa pande zote mbili, maana babu wa binti na bibi wa kijana ni mtu na dada yake. Akasema hakuna kizuizi. Nimesikia michoro ya namna hiyo ilikuwamo katika vitabu vya kale. Ni mti huo huo? — Mama, Bukoba

JIBU: Salama, mama, na hongera kwa binti. Ndiyo, ni mti huo huo, na paroko wako ameuchora kama ulivyochorwa miaka mingi sana. Kwenye Decretum unapatikana kesi ya 35. Mara nyingi huchukua ukurasa mzima: mzee mwenye ndevu amesimama, mbele ya mwili wake kumepangwa visanduku au viduara vyenye majina ya ndugu, juu wazazi, babu na waliowatangulia, chini watoto na wajukuu, ubavuni wajomba, mashangazi na watoto wao. Wengine humwona mzee huyo kuwa Adamu, na katika nakala nyingine amevaa taji. Ukurasa wa pili huwa na mti wa ukwe, mwanamume upande mmoja na mwanamke upande mwingine.

Wakati wa Gratian Kanisa lilikataza ndoa hadi ngazi ya saba, wakihesabu kwa kupanda upande mmoja tu hadi kwa mzazi wa pamoja. Vijijini ilikuwa vigumu kumpata mtu asiye ndugu yako. Mtaguso wa Nne wa Laterani, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ukashusha hadi ngazi ya nne, yaani wenye babu wa babu mmoja hawakuoana. Sababu waliyoiandika ni kwamba mwili wa binadamu una majimaji manne, kama waganga wa zamani walivyoamini. Wachoraji nao wakapunguza matawi.

Sheria ya sasa ya Kanisa, ya mwaka 1983, inahesabu kwa kujumlisha pande zote mbili na kuishia ngazi ya nne, hivyo watoto wa ndugu wawili wamo ndani ya katazo, ingawa wanaweza kuomba ruhusa. Wajukuu wa ndugu wawili, kama binti yako na mchumba wake, hawamo. Mila za ukoo wenu ni jambo jingine, na hilo waulizwe wazee wenu. Nimejalidi upya madaftari ya ndoa ya parokia kadhaa na nimekuta miti ya namna hiyo imechorwa kwa penseli kwenye vipande vya karatasi vilivyoachwa katikati ya kurasa. Siku zote huvirudisha pale pale nilipovikuta.

*

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni frateri. Nashindwa kuelewa kwa nini dhahabu itiwe kwenye kitabu cha sheria. Kwenye Injili naelewa. Nani alilipia?

JIBU: Milele, amina. Mara nyingi alilipia mwenye kitabu, na mwenye kitabu alikuwa mwanasheria anayepanda ngazi, au kanoni, yaani padre wa kanisa kuu, au mwanafunzi mwenye baba tajiri. Swali lako liliulizwa zamani. Odofredus, mwalimu wa sheria wa Bologna aliyefariki mwaka 1265, aliwasimulia wanafunzi wake habari ya baba aliyempa mwanawe paundi 100 kwa mwaka akasome. Kijana akaenda Paris, akatia vitabu vyake michoro na herufi za dhahabu, na kila Jumamosi akawa kwa fundi viatu. Mwalimu alikereka, na alikuwa na haki.

Hata hivyo kitabu kizuri kilikuwa pia akiba. Wanafunzi waliviweka rehani wakapata fedha ya kula. Na mafundi hawakuifanya kazi hiyo shingo upande. Nicolò wa Bologna, mchoraji wa karne ya 14, alitia jina lake kwenye kazi zake. Mwaka 1354 alichora, katika kitabu cha mwanasheria Giovanni d'Andrea kilichoko katika maktaba ya Biblioteca Ambrosiana huko Milano, fadhila zikiwa zimeyakanyaga maovu. Kama frateri, anza na ukurasa huo.

*

SWALI: Mimi natengeneza kadi za harusi, Tanga. Walibandikaje dhahabu isibanduke miaka mia saba?

JIBU: Waliweka tuta kwanza. Walichanganya jasi laini (unga wa plasta), risasi nyeupe, gundi na sukari kidogo au asali, wakaupaka mchanganyiko huo juu ya ngozi hadi ukainuka. Sukari huvuta unyevu. Tuta likikauka, fundi alilipumulia kwa karibu ili lilowe kidogo tu, akalaza dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kisha akaisugua kwa jino la mbwa au jiwe la akiki hadi ikang'aa. Rangi zilifuata baadaye, buluu ya lapis lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan, na nyekundu ya zebaki na salfa. Ukianza na rangi, dhahabu itaganda mahali usipotaka. Wewe usiguse risasi nyeupe, ni sumu. Tumia jasi, gundi na sukari kidogo peke yake, jaribu kwenye karatasi nzito, na usifanye kazi hiyo feni ikiwa imewashwa.