Kashata Kutoka Chunguni na Mtoto Asiyepatana na Njugu

Swali

Fundi, salaam aleikum. Mimi ni kijana wa Lamu, hufanya kiinimacho kwenye sherehe za watoto: siku za kuzaliwa, kufunga shule, na mchana wa Idi. Mchezo wangu wa kufungia ni chungu kitupu. Nakifunika, watoto wanapiga kelele, nakifunua kimejaa kashata na peremende, kila mtoto anapata chake. Kabla ya hapo nina jagi la maziwa, mfuko wa yai na baluni. Sasa nimeitwa Shela, na mama mwenye nyumba ameniambia kuna mtoto wa jirani ambaye akila njugu huvimba midomo na kukohoa. Nikitoa kashata za njugu nikaweka za nazi, itatosha? Na hiyo michezo mingine ina neno? Sitaki kuharibu kazi, wala sitaki kumdhuru mtoto wa watu.

Jibu

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kashata za nazi hazitatosha. Nenda ukamtazame mama anayezipika. Sufuria ni moja, leo njugu, kesho nazi. Sukari ikishika humwagwa kwenye sinia lile lile lililopakwa mafuta, ikakatwa kwa kisu kile kile, kisha vipande vyote vikalala kwenye bakuli moja dukani, vya njugu chini na vya nazi juu. Mtoto anayevimba midomo na kukohoa hahitaji kula njugu nzima. Unga ulionata kwenye sukari waweza kumtosha.

Mimi nakushauri uondoe chakula chote mchezoni, kwa watoto wote, na si kwa sherehe ya Shela peke yake. Najua litakuudhi, kwa sababu chungu cha peremende ndicho kinachowafanya wakuite tena. Lakini fikiri kazi yetu ni nini. Kazi yetu ni kumfanya mtoto auamini mkono wetu. Mtoto mwenye aleji amefundishwa nyumbani asile kitu alichopewa na mtu mpaka amuulize mamake. Wewe unamwita mbele, wenziwe wanampigia makofi, unafumbua kiganja, peremende hiyo! Umpe mtoto wa miaka 6 nafasi gani ya kusema "mama amenikataza" mbele ya kadamnasi ile? Ataitia mdomoni. Kila tulichojifunza, kuvuta macho, kuharakisha, kumfurahisha mtu asifikiri, kinafanya kazi dhidi ya tahadhari aliyopewa. Ndiyo maana mfanya kiinimacho ni mtu wa hatari kwake kuliko muuza duka.

Mwenye sherehe akishikilia kwamba lazima peremende zitoke, na wengine watashikilia, basi ziwe zimefungwa kiwandani, moja moja, na zisiende mkononi mwa mtoto. Chungu kifunuliwe, watoto wazione, kisha kipelekwe kwa mama mwenye nyumba, agawe yeye baada ya mchezo wazazi wakiwepo. Za kupimwa dukani kwenye chupa, zisizo na maandishi, usizikubali. Wazazi wetu wengi tayari husoma paketi wakitafuta jelatini ya nguruwe, kwa hiyo si jambo geni kuwaomba watafute na njugu hapo hapo. Huku kwetu Malindi peremende na chokoleti nyingi ni za Italia. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vyakula 14 vinavyojulikana kwa kuleta mzio vijitokeze kwenye orodha ya viungo, mara nyingi kwa herufi nzito, kwa hiyo hata usiyejua Kiitaliano unaweza kuvitafuta: *arachidi* ni njugu karanga, *nocciole* ni hazelinati, *latte* ni maziwa, *uova* ni mayai. Ukiona *può contenere*, maana yake huenda kimo ingawa hakikukusudiwa. Irudishe rafuni.

Na korosho usiifanye mbadala. Sisi tunaoishi kati ya mikorosho ya Kilifi na Lamu huona korosho ndiyo zawadi ya heshima. Njugu karanga ni jamii ya kunde na korosho ni ya mti, kwa hiyo yuko mtoto anayedhurika na moja akala nyingine salama, na yuko anayedhurika na zote mbili. Hilo aliseme daktari wake. Simsim nayo isikupite, maana Marekani imeifanya kuwa ya 9 kati ya vyakula ambavyo lazima vitajwe kwenye paketi, tangu Januari 2023, na huko kwenu haikosekani kwenye mikate wala kwenye vitamutamu.

Sasa, mama wa Shela amekuambia mwenyewe. Wengi hawatakuambia, na kosa linaweza kuwa kwenye swali. Ukiuliza "kuna mtoto mwenye aleji?" utajibiwa hakuna, kwa moyo safi, kwa kuwa mtoto hajawahi kupelekwa kupimwa. Uliza hivi: "Kuna mtoto ambaye kuna chakula hapewi nyumbani, au akila humdhuru?" Hapo ndipo utasikia kwamba huyu damu yake haipatani na kamba, yule akila yai hufura macho, na yule mwingine nyanyake alikataza maziwa tangu mdogo. Mwombe mwenye sherehe alitume swali hilo kwenye WhatsApp pamoja na mwaliko, siku kadhaa kabla. Usiliulize jukwaani. Ukiwauliza watoto "nani hali njugu?" nusu yao watanyoosha mikono kwa furaha tu, na yule mwenye shida atajikunyata.

Jambo la pili ni saa yako kwenye ratiba, na hili watu hawalipi uzito. Omba upande jukwaani kabla ya chakula. Ukipanda baada ya bajia, kaimati na kashata, kila mkono unaokuja mbele una mafuta ya kitu fulani. Chukua mpira wa sponji mwekundu. Mtoto wa kwanza kaufinya na vidole vyenye njugu, sponji imefyonza. Unauchukua, unautia kwenye kiganja cha mtoto wa pili, unamwambia afumbe kwa nguvu, afumbue, mipira imekuwa miwili. Anacheka, anashika mdomo kwa mshangao. Umeona safari ya njugu? Kwa kawaida kugusa peke yake huleta mwasho pale palipoguswa tu. Hatari ni mkono kwenda mdomoni, na mchezo wetu umetungwa uwapeleke watoto mikono midomoni.

Ikibidi upande baada ya chakula, waoshe mikono kwa sabuni. Dawa ya mkono ya kuua viini haitoshi: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004 uliona kuwa sabuni na vitambaa vyenye unyevu viliondoa njugu mikononi, lakini maji matupu na dawa ile viliacha mabaki kwa baadhi ya watu. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni inatosha, na unaweza kuigeuza sehemu ya mchezo. Vifaa vyako nawe vioshe baada ya kila sherehe. Sponji na vitambaa vya hariri vinafulika. Karata za karatasi hazifuliki, kwa hiyo zile zinazoshikwa na watoto ziwe za plastiki. Na huo mkoba wa vifaa usiwe ndio unaobebea chakula chako cha mchana.

Jagi la maziwa: usitumie maziwa. Maziwa na mayai ni miongoni mwa vyakula vinavyowadhuru watoto wadogo zaidi, ingawa wengi wao huyazoea wakikua. Unapoyamwaga kwenye koni ya gazeti na kuirusha hewani, tone likikosea njia linaangukia safu ya mbele, kwenye watoto wadogo kabisa. Maji yaliyotiwa rangi nyeupe ya shuleni kidogo yanaonekana vile vile, hayachachi kwa joto letu, na jagi linaoshwa kwa urahisi zaidi. Ila usijifanye unayanywa, maana mtoto atataka kuiga. Yai nalo liwe la mbao. Najua fundi wa zamani angelipasua yai mbichi kwenye bilauri kuthibitisha. Mimi sioni lazima. Ligonge mezani, sauti itawatosha.

Baluni umezitaja mwishoni kama kitu kidogo, kumbe ndizo ningezichunguza mwanzo. Baluni za kawaida ni lateksi, utomvu wa mpira, na wapo watoto wenye mzio wa utomvu huo. Baadhi yao hudhurika pia na ndizi, parachichi au papai, kwa sababu protini zake zinafanana. Kwa hiyo mzazi akikuambia mtoto wake hali ndizi, muulize na baluni. Ikiwa kuna shaka yoyote, tumia zile za karatasi ya kung'aa au uache kabisa. Kwa vyovyote vile, mtoto asipulize kwa mdomo, na vipande vya iliyopasuka viokote mara moja, maana hivyo vimewaziba koo watoto wasio na mzio wowote.

Sungura na njiwa sina la kusema isipokuwa: uliza kwanza.

Mzazi akikuuliza ndani ya jagi kuna nini, mjibu. Naona vijana wengi wanajificha nyuma ya "siri ya kazi". Siri yako ni namna jagi linavyofanya. Kilichomo ndani ni haki ya mama kukijua, na ukimwambia "ni maji na rangi" hujamfichulia chochote.

Kuhusu dharura, kwa sababu ni Shela na si mjini. Kabla ya siku hiyo mwulize mama wa mtoto kama wana sindano ya adrenalini na nani ataishika. Dalili huanza ndani ya dakika chache, mara nyingine saa moja au mbili: midomo kuwasha, mabaka mwilini, kutapika. Sauti ikikwaruza, akikohoa bila kukoma, akipumua kwa mluzi au akilegea, ni dharura. Adrenalini hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na ndiyo dawa ya kwanza. Piriton hutuliza mwasho lakini haifungui koo, kwa hiyo msiipe na kukaa kusubiri. Mlazeni, miguu ipandishwe. Akishindwa kupumua akae, lakini asitembezwe. Wala asinyweshwe maziwa, kama watu wanavyokimbilia kufanya kwa mtu aliyekula sumu. Kisha hospitali, hata akionekana amepata nafuu, maana dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Kutoka Shela hadi hospitali ya King Fahd ni kama kilomita 3 na hakuna gari la kukupeleka, basi ujue mapema ni boti ya nani, ina mafuta, na maji yakiwa yamepwa mtapandia wapi.

Na chungu chako hakitaharibika. Weka penseli za rangi, stika, na bangili za shanga za watoto. Penseli zifunge kwa utepe, si kwa mpira wa kufungia noti, kwa sababu huo nao ni lateksi. Shanga zitakusumbua: zinalia ukitikisa chungu, na zinapokaa kabla ya mchezo unapajua wewe. Zizungushie kitambaa cha hariri kimoja, kivute nje kwanza, kirefu, taratibu, ndipo zimwagike. Kashata hazikukuruhusu hilo, zilikuwa zinanata kwenye kifuniko.