Kufuatilia Maumivu ya Mbwa Aliye Katika Nusukaputi

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufunga kizazi mbwa majike, niliamini kwamba mbwa asiyetikisika mezani hana tatizo. Siku moja nilikuwa nikimfanyia upasuaji jike wa kienyeji wa kilo 14. Msaidizi wangu alinisomea mapigo ya moyo 88 kwa dakika kabla sijachana ngozi, na 126 mara tu nilipoivuta ovari ya kulia. Mbwa hakutikisa hata sikio. Nikaagiza isofureni, gesi ya usingizi, iongezwe kutoka asilimia 1.5 hadi 3, mapigo yakashuka, nami nikaendelea na kazi bila wasiwasi, mpaka wastani wa shinikizo la damu uliposomeka milimita 52 za zebaki, ilhali hata mwanafunzi anajua kwamba haupaswi kushuka chini ya 60.

Kosa langu lilikuwa kuyajibu maumivu kwa kuongeza usingizi. Isofureni humlaza mbwa, lakini si dawa ya kutuliza maumivu. Ukiizidisha hupanua mishipa ya damu na kuudhoofisha moyo, huku neva zikiendelea kupeleka habari za jeraha kwenye uti wa mgongo. Mbwa aliyepoteza fahamu hahisi maumivu kama tunavyoyahisi sisi, ila mwili wake unayapokea, na anaweza kuzinduka akiwa na maumivu makali zaidi kwa sababu hiyo. Siku hizi humpa mbwa mofini, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya kumlaza, kisha huimwagia lignokeini, dawa ya ganzi, kano inayoishikilia ovari na kusubiri dakika chache kabla ya kuivuta. Foleni ikiwa ndefu, dakika hizo ndizo za kwanza kurukwa, na mimi pia nimewahi kuziruka.

Namba zote zinategemea kipimo cha mwanzo cha mbwa huyo huyo. Kabla ya kisu kugusa ngozi, andika mapigo, pumzi na shinikizo, kisha urudie kila baada ya dakika 5 na katika kila tukio: kuchana, kuvuta, kubana. Ongezeko la takriban asilimia 20 linanitosha kusimama na kujiuliza. Mbwa aliyepewa zailazini, dawa ya kutuliza ambayo hupunguza mapigo ya moyo, anaweza kuwa na mapigo 55. Yakifika 80, anayetazama viwango vya kitabuni ataona ni kawaida, kumbe yamepanda kwa karibu nusu. Aliyechomwa atropini naye mapigo yake yamekwisha kupandishwa na dawa, kwa hiyo nategemea zaidi shinikizo na pumzi.

Macho nayo hupotosha. Kwa isofureni, mboni inayoelekea chini na kope isiyojibu unapoigusa huashiria kwamba usingizi umefikia kina cha upasuaji, lakini kwa ketamini, dawa nyingine ya usingizi, jicho hubaki wazi likitazama mbele na kope huendelea kucheza.

Wala si kila ongezeko la mapigo ni maumivu. Mapigo na shinikizo vikipanda pamoja pale tu unapovuta kiungo, fikiria maumivu. Mapigo yakipanda huku shinikizo likishuka na ufizi ukipauka, tafuta damu inayovuja kabla ya kufikiria dawa yoyote. Hewa chafu ya kabonidioksidi ikijaa mwilini nayo hupandisha vyote viwili, hivyo kagua mrija wa hewa na upumuaji. Wapo pia mbwa ambao mapigo hushuka ghafla ovari inapovutwa. Kwa hao huwa naiachia ovari kwanza, na mara nyingi moyo hurudi wenyewe.

Pasipo mashine ya shinikizo, humweka msaidizi mmoja asiyeshughulika na jambo jingine lolote, stetoskopu kifuani na kidole kwenye mshipa wa ndani ya paja, na humtaka anisomee namba kwa sauti kabla sijaigusa kila ovari, hasa ya kulia, ambayo imekaa mbele zaidi tumboni na hulazimu kuvutwa kwa nguvu zaidi.